Pete Iliyochelewa
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa ukoo na mzee wetu kutoka Perth)



Nimepewa fursa ya kusema machache kwa niaba yetu sisi tulioangukia Australia. Ninyi mliotoka Maskati, London na Toronto huniuliza kila tukutanapo ni mchezo gani ule ambao watoto wetu wa Perth huuzungumza mezani bila kukoma. Leo nitaueleza, lakini kwa shabaha maalumu. Nina deni, nami nataka kulilipa mbele ya mashahidi.

Mchezo huo ni kandanda ya Kiaustralia, ambayo kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Uwanja una umbo la yai, na mpira vivyo hivyo. Kila timu huwa na watu 18 uwanjani. Mpira hupigwa kwa mguu, au hushikwa kwa mkono mmoja na kupigwa kwa ngumi ya mkono wa pili. Kuurusha ni kosa. Kila upande una nguzo nne: mpira uliopigwa kwa mguu ukipita kati ya mbili za ndani ni alama 6, ukipita pembeni ni alama 1. Anayeudaka hewani, ukiwa umepigwa kwa mguu kutoka mita 15 au zaidi, hupewa nafasi ya kuupiga bila kusumbuliwa. Ndiyo maana vijana warefu warukao juu huthaminiwa sana.

Miongoni mwao ni Aliir Aliir. Alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana, kwa wazazi waliokimbia vita vya Sudan. Kambi ile ilianzishwa mwaka 1992. Sisi tuliokuwa watumishi wa serikali Kenya zama hizo tuliijua Kakuma kwa majalada: idadi ya watu, magunia ya nafaka, mahema. Sikupata kuona jalada lililosema kwamba mle ndani mna mtoto atakayeshangiliwa na maelfu.

Aliletwa Australia angali mdogo, akakulia Brisbane akicheza kandanda hii tuliyoizoea sote. Mchezo wa mpira wa yai aliuanza akiwa amekwisha balehe, ilhali wenzake waliucheza tangu utotoni. Baadaye alihamia Perth, akaichezea klabu ya East Fremantle.

Klabu za ligi kuu huchagua vijana kwa zamu kila mwaka, na zilizofanya vibaya hutangulia kuchagua. Mwaka 2013 Sydney Swans walimchagua Aliir. Alikuwa wa 44 kutajwa. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, nasi tukadhani pete imekwisha kuvikwa. Kumbe bado. Mwaka 2014 ukapita, na 2015 ukapita, yeye yumo katika kikosi cha akiba akijifunza. Aliingia kikosi cha kwanza mwaka 2016, akang'ara katika ulinzi. Lakini katika nusu fainali dhidi ya Geelong aliumia goti. Fainali akaikosa, na Swans wakashindwa na Western Bulldogs. Mwaka 2017 alicheza mara chache tu. Baada ya hapo alirudi imara, akahamia Port Adelaide mwishoni mwa 2020, na mwaka 2021 akatajwa katika timu ya wachezaji bora wa Australia nzima.

Sasa deni langu. Nilihama Mombasa mwaka 2006, mtu mzima mwenye mvi, na mwanangu alikuwa na miaka kumi na minne. Mwaka uliofuata alirudi nyumbani na barua ya mwalimu wa mchezo huu, ikimwalika kwenye timu ya vijana. Nilimwambia hatukuvuka bahari ili kukimbiza mpira. Nikavichukua viatu vyake, nikavifungia kabatini kwa ufunguo. Hakubishana nami. Alisoma, akawa fundi umeme, na sote twajivunia.

Mwaka 2013 yeye mwenyewe ndiye aliyenipeleka Fremantle ili nikamwone kijana aliyezaliwa Kakuma. Nikamshangilia mtoto wa watu hadi sauti ikakauka. Tulipokuwa njiani kurudi mwanangu akasema, kwa adabu ile ile, "Baba, mimi sikutaka kuwa kama yeye. Nilitaka uje unitazame siku moja tu."

Ndugu zangu, sisemi watoto waache masomo. Katika vijana mia wenye mbio, hata mmoja huenda asichaguliwe, na aliyechaguliwa naye hungoja miaka. Ninalosema ni kwamba pete ikichelewa, au isipokuja kabisa, chanda hakiachi kuwa chema, na mzazi hapungukiwi kitu kwa kusimama kando ya uwanja.

Mwanangu yupo hapa, safu ya tatu. Mwanangu, nisamehe. Mjukuu wangu naye ameanza kucheza. Viatu vyake nimevinunua mimi, na Jumamosi tutakaporejea nitakuwa pale uwanjani kabla ya mwamuzi kufika.