Mafichoni mwa Dengue: Virusi Vinavyojijengea Ndani ya Seli



Dengue ilipoikumba Dar es Salaam mwaka 2014, na tena 2019, sote tulizungumzia mbu: matairi, makopo, maji yaliyotuama. Tulifanya vyema. Leo naomba tuingie kusikofika dawa ya mbu, yaani ndani ya seli ya mgonjwa.

Kirusi cha dengue kina upana wa nanomita 50 hivi. Kimebeba uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 11,000, unaotoa protini 10. Tatu huunda kirusi chenyewe. Saba zilizobaki hunakili, hujenga, huvuruga kinga; hizo ndizo zinazonikosesha usingizi.

Kunakili kuna hatari yake. Katikati ya kazi hutokea RNA ndefu ya nyuzi mbili, kitu ambacho seli yenye afya huwa haina. Vitambuzi vyetu, RIG-I na MDA5, vikiigundua, seli huanza kutoa interferoni, protini za kuamsha kinga. Basi kirusi hunakili mafichoni. Mwaka 2009 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kwa hadubini ya elektroni vimfuko vya nanomita 90 hivi, vilivyobonyea ndani ya utando wa retikulamu ya endoplazimu, kila kimoja na tundu jembamba. Anayeijua Kariakoo ataitambua fremu: ukuta ni wa mwenye nyumba, mlango ni mmoja, malighafi huingia na bidhaa hutoka hapohapo. Virusi vipya hufungashwa jirani kabisa, kwenye utando uleule.

Protini NS4A na NS4B, mbili kati ya zile saba, husaidia kuukunja utando huo. NS1 hufanya kazi upande wake wa pili. Na hii NS1 humwagika hadi kwenye damu. Kipimo cha haraka anachofanyiwa mgonjwa siku za mwanzo za homa huitafuta hiyo hiyo. Nadhani kila mwanafunzi wa maabara angepaswa kuambiwa hivyo siku ya kwanza: mstari ule mwekundu ni alama ya ujenzi unaoendelea ndani ya seli.

Chikungunya, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza kwetu kusini, Newala, katika mlipuko wa 1952 na 1953, hujenga kwingine: kwenye utando wa nje wa seli, na shingo ya kimfuko hushikwa na pete ya protini 12.

Ujenzi huu unaweza kuzuiwa. Mwaka 2021 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kiwanja cha kikemia kinachozuia NS3, nyingine kati ya zile saba za dengue, isishikane na NS4B. Dawa ya ukoo huo ilifika kwenye majaribio ya binadamu, kisha Oktoba 2024 kampuni iliyokuwa ikiiendeleza ikasitisha utafiti mkuu wa dawa hiyo kwa kubadili vipaumbele vyake. Jambo hilo linaniuma. Mgonjwa wa Buguruni bado hutibiwa kwa maji, parasetamoli na uangalizi, na mimi nasema kazi hiyo iendelezwe, na vyuo vyetu viwemo tangu mwanzo.