Asiyekuwepo na Lake Halipo: Mwanamke wa Kijijini, Ardhi na Elimu ya Haki



Jioni hii nitazungumzia ardhi, kwa sababu juu ya ardhi ndipo elimu, haki na riziki ya mwanamke wa kijijini zinapokutana. Yeye hupanda, hupalilia, huvuna na kupukuchua. Lakini ikiulizwa shamba ni la nani, anayejibu mara nyingi si yeye. Mwaka 1967, katika andiko lake la Ujamaa Vijijini, Mwalimu Nyerere alikiri wazi kwamba wanawake walikuwa wakifanya zaidi ya fungu lao la kazi za shambani na nyumbani, na kwamba jamii ya jadi, pamoja na mema yake, haikuwapa usawa. Tangu wakati huo Tanzania Bara imejipatia sheria nyingi njema. Hoja yangu ni kwamba haki ya mwanamke hutolewa au kunyimwa kwenye vikao vidogo vya kijiji na vya ukoo, na hataipata mpaka aingie kwenye vikao hivyo akiwa na maarifa, akiba yake, na wenzake.

Sheria imefika wapi

Tuanze na kesi iliyotoka Kagera. Mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Uzeeni, asiye na wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani akidai kwamba kwa mila mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni hiyo inabagua na inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Mauzo yakabaki halali.

Miaka 9 baadaye Bunge likatunga Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999. Zinampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu fursa halali ya ardhi. Na katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, wanawake lazima wawe 3.

Lakini kwenye mirathi mambo ni magumu zaidi. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 linawaweka mabinti katika daraja la mwisho la warithi, na mjane linamwacha atunzwe na watoto wake badala ya kumpa fungu. Wajane wawili walipolipinga, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, ila haikuzifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiufundi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba dhidi ya ubaguzi wa wanawake iliona kwamba haki zao zimekiukwa. Kwa hiyo mwanamke yuleyule analindwa anapoomba ardhi kwa Serikali ya Kijiji, lakini anabaki bila kinga siku anapofiwa na mume.

Saa ya kuandika jina

Sasa twendeni shambani. Kijiji kikishapima mipaka yake na kupanga matumizi ya ardhi, huanza kazi ya hati za hakimiliki ya kimila. Kamati ya uhakiki hupita shamba kwa shamba. Majirani wa pande zote huitwa, huonyesha mpaka ulipo, na kama kuna ubishi husuluhishwa papo hapo. Kisha fomu hufunguliwa na karani huuliza: tuandike jina la nani?

Hapo ndipo miaka yote ya kutunga sheria hupimwa. Sheria inaruhusu jina la mume na mke kwa pamoja. Inaruhusu jina la mjane, la binti, hata la kikundi cha wanawake. Lakini fomu haijiandiki yenyewe. Mke akiwa amebaki nyumbani kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba siku hiyo inamhusu, au akiwepo lakini hajui kwamba anaweza kusema "na langu liandikwe," jina moja litaingia, hati itatiwa saini na kusajiliwa wilayani. Kulirekebisha baadaye ni safari ya fomu, nauli na maneno ya shemeji. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, nami sijui mahali ambapo usemi huo una uzito kuliko hapa.

Hoja ya ukoo

Wapo wazee wenye hoja wanayoiamini kwa dhati, nao wanastahili jibu la heshima. Wanasema: binti ataolewa, na akipewa ardhi itahamia ukoo mwingine; kaburi la babu litamilikiwa na wageni. Hofu ya kupoteza ardhi ya wazee ni ya kweli. Lakini tuangalie nani anayeiuza leo. Vijana wa kiume nao huuza kihamba, huuza kibanja, mashamba yaleyale ya ukoo, na ukoo hupata habari mnunuzi akishaanza kujenga. Anayelinda ardhi ni yule anayeihitaji kwa ajili ya chakula cha kesho, na mara nyingi huyo ni mama. Jina lake likiwa kwenye hati pamoja na la mumewe, shamba haliuzwi wala kuwekwa rehani pasipo yeye kujua, na watoto wa ukoo huohuo hubaki na pa kulima. Usawa kwenye hati hauvunji ukoo. Unaongeza walinzi wake.

Kikoba kiwe darasa

Je, elimu hii itafikaje? Nchi hii inajua njia. Mwaka 1970 ulitangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio: walisikiliza kipindi, walisoma kijitabu pamoja, walijadili, kisha walitoka wakachimba vyoo. Kiini chake kilikuwa kikundi kidogo cha watu wanaofahamiana, na kitendo mwishoni mwa somo.

Leo vikundi hivyo vipo tayari. Mtindo wa kuweka na kukopa ulioanza kwa wanawake wa Niger mwaka 1991 umeenea kwetu kwa jina la vikoba. Wanawake hukutana kila wiki, hununua hisa, huchangia mfuko wa jamii, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko hugawana. Mwanachama hujifunza kusimama na kusema mbele ya wenzake, kusoma daftari na kudai hesabu iliyo sawa. Huo ndio ujuzi unaotakiwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Na mkono mtupu haulambwi: mwenye akiba yake ana nauli ya kwenda wilayani, na halazimiki kuuza mahindi kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, msimu wa mavuno wakati bei iko chini.

Kwa hiyo napendekeza nusu saa ya kila kikao cha kikoba iwe ya somo: hati ya kimila, wosia, ndoa na mirathi. Kila somo liishe kwa kitendo. Baada ya somo la wosia, wosia uandikwe. Baada ya somo la hati, wanachama waende pamoja kwa mtendaji wa kijiji kuuliza ratiba ya upimaji. Waume waalikwe, kwa maana jina la pamoja linahitaji watu wawili walioelewana.

Wajibu wetu

Chuo hiki tulichokutania jioni hii nacho kina deni. Wanafunzi wetu wa sheria waandae vijitabu kwa Kiswahili kinachosomeka, wa elimu wavijaribu vijijini, wa kilimo wafundishe kuhifadhi mazao. Tuisaidie Serikali kuandika upya kanuni za urithi za mwaka 1963. Tusimamie pia mlango uliofunguliwa mwaka 2021, wasichana waliojifungua waliporuhusiwa kurudi shuleni. Maana msichana anayemaliza masomo leo ndiye atakayeketi barazani kesho.

Naliomba Baraza la Chuo lianze na vijiji vinavyotuzunguka, kabla ya upimaji wa msimu ujao, ili kamati itakapouliza tuandike jina la nani, kila mwanamke awepo, na ajue la kujibu.