Somo la Redio: Mashine Ndogo Iliyofunzwa Kusema

Ndugu zangu wa madarasa ya Jipe, Same na kule milimani Upare, sogeeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na kalamu. Leo tutajifunza jinsi sauti ya mtu inavyogeuzwa kuwa namba, na jinsi namba zinavyorudi kuwa sauti. Mwisho wa somo mtaona kwa nini jambo hili linamhusu kila mwenye mzee nyumbani.

Kwanza, wekeni vidole kooni, kisha semeni pamoja: aaaa. Vidole vimesikia nini? Koo linatetemeka. Basi sauti ni mtetemo. Koo huitikisa hewa, hewa hufika sikioni, na ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio nayo hutikisika.

Sasa twendeni ziwani. Tuseme mmesimika mti wenye alama ukingoni mwa Ziwa Jipe. Kila asubuhi mtu mmoja hutazama maji yamefika alama ya ngapi, akaandika namba. Mwaka ukiisha, hata mtu asiyepata kuliona ziwa anaweza kulichukua daftari lile, akachora mstari, akajua maji yalipanda lini na yalishuka lini. Lakini kama mpimaji alikwenda mara moja tu kwa mwaka, vuli na masika zote zimempita. Daftari lake halina habari zake.

Sauti nayo hupimwa vivyo hivyo. Hewa huisukuma maikrofoni, mashine husoma imesukumwa kiasi gani, huandika namba, kisha husoma tena. Ila haingoji asubuhi. Husoma maelfu ya mara katika sekunde moja.

Andikeni namba hizi nane: 8, 12, 14, 12, 8, 4, 2, 4. Zichoreni kwa nukta, kisha unganisheni nukta hizo. Mmepata wimbi. Mashine ikizirudia namba hizi nane mara 1,000 kwa sekunde, spika hutoa sauti nyembamba kama ya filimbi.

Nitawapa mfano wa mashine moja. Mwaka 1982 kampuni ya Commodore ya Marekani ilitoa kompyuta ya nyumbani iitwayo Commodore 64. Hapa kwetu kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hayo yaliondolewa baadaye, lakini mashine za nyumbani za miaka ile wengi wetu hatukuziona.

Mashine hiyo ilikuwa na kifaa cha kupiga muziki, nacho kiliweza kutoa sauti tatu kwa pamoja. Hakikutengenezwa kwa ajili ya kurudia maneno ya mtu. Lakini kilikuwa na namba moja ya kuongeza na kupunguza ukubwa wa sauti, kuanzia 0 mpaka 15. Watunga programu wakagundua kasoro. Kila namba ile ilipobadilishwa ghafula, spika iligonga, ta! hata kama hapakuwa na muziki, kwa kuwa umeme kidogo ulikuwa ukipita humo daima. Mgongo mmoja ni kelele tu. Wao wakaibadilisha namba maelfu ya mara kwa sekunde, wakifuata daftari la vipimo vya sauti ya mtu. Kelele ikawa neno. Mwaka 1984 watu waliocheza mchezo uitwao Impossible Mission waliisikia mashine hiyo ikitamka sentensi nzima. Kifaa kilipotengenezwa upya baadaye, kasoro ilipungua, na maneno yale nayo yakafifia.

Watunga programu hao walikuwa na shida mbili. Ninyi mnaotumia ndiva mtazielewa upesi.

Shida ya kwanza, ndiva yao ilikuwa ndogo. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa na nafasi 65,536. Kila nafasi ilitosha vipimo viwili, basi jumla ni vipimo 131,072. Ukipima mara 8,000 kwa sekunde, gawanyeni wenyewe: ni sekunde 16 na kidogo, na programu yenyewe nayo inataka mahali pake.

Shida ya pili, maji yafunguliwe kwa kiasi kilekile. Kati ya kipimo na kipimo mashine ilikuwa na mapigo kama 125 tu ya kufanyia kazi. Ikichelewa mara moja na kuwahi mara nyingine, sauti hukwaruza. Tena kioo cha picha kilikuwa kikiiba sehemu ya mapigo hayo. Kwa hiyo wengine walikizima kioo kwanza, ndipo mashine ikasema. Ilifumba macho ili iseme vizuri.

Je, wasingepima mara chache ili nafasi itoshe? Waliweza, lakini hilo lina gharama yake. Ili mtetemo usipotee, lazima upimwe zaidi ya mara mbili katika kila kutikisika kwake. Herufi s na f zina mitetemo ya haraka mno. Vipimo vikiwa vichache, hiyo ndiyo hufa kwanza. Mzee amesema "sisi", mjukuu anasikia "fisi". Simu ya kawaida hupima mara 8,000 kwa sekunde, na ndiyo sababu nyakati nyingine tunaulizana, "Umesemaje?" Sahani za muziki za CD hupimwa mara 44,100.

Sasa, wazee wangu, hapa ndipo penye neno lenyewe. Kisichopimwa siku ile hakipo. Mashine ya kesho inaweza kukisia, lakini haiwezi kukumbuka. Nyumbani mna mama au babu anayesimulia kwa Chasu jinsi mifereji ilivyochimbwa. Mkiinasa sauti yake kwa simu, mwombeni ruhusa kwanza. Kaeni mbali na upepo na injini. Kama simu inawapa kuchagua, chagueni vipimo vingi, hata kama nafasi itakwisha upesi. Wekeni nakala mahali pawili. Kisha andikeni daftarini jina lake, mahali na tarehe, maana sauti isiyo na jina baada ya miaka 30 ni ya mgeni. Kazi hiyo ya kuandika leo mnaiweza.

Maswali ya darasa. La kwanza: kwa nini mpimaji wa mara moja kwa mwaka hakujua habari za masika? La pili: tukipima mara 4,000 badala ya 8,000, kumbukumbu ile itatosha sekunde ngapi, na tutapoteza nini? La tatu: ni sauti ya nani kijijini kwenu isiyofaa kungoja?

Jadilianeni, na mwalimu aandike majibu ubaoni. Kwaherini.