Meli Tupu ni Mzigo wa Taifa



Meli ya mafuta inaporudi bandarini ikiwa tupu, hakuna anayeonekana kuwa na kosa. Nahodha ametii amri, na shehena imefika. Hata hivyo mashine imekula mafuta, mabaharia wamelipwa, na gharama ya kukodi imehesabiwa siku kwa siku. Ikiwa meli ni ya shirika la umma, mlipaji ni mwananchi.

Indonesia ni nchi yenye visiwa zaidi ya 17,000. Mafuta ghafi ya Minas na Duri, kisiwani Sumatra, hupelekwa kwa mabomba hadi bandari ya Dumai, kisha hupakiwa melini. Viwanda vikubwa vya kuyasafisha mafuta viko pia katika visiwa vingine: Cilacap na Balongan huko Java, na Balikpapan huko Kalimantan. Meli ikichelewa, kiwanda hukosa malighafi. Ikiwahi mno, hukuta matangi yamejaa, ikangoja nangani. Tena mafuta ya Minas yana nta nyingi, nayo huganda yasipopashwa moto. Basi kila siku ya kungoja ni kuchoma mafuta ili kuyalinda mafuta.

Kwa hiyo kujua njia fupi baharini hakutoshi. Swali kubwa ni hili: baada ya kuteremsha shehena, meli iende wapi? Mpangaji mwenye shehena nne aweza kukodi meli nne. Lakini ikiwa meli iliyoteremsha tarehe 6 yaweza kufika bandari ya kupakia kabla ya tarehe 10, shehena inayofuata haihitaji meli nyingine. Safari zikiunganishwa mbili mbili, meli mbili zatosha. Mwaka 1954 Wamarekani George Dantzig na D. R. Fulkerson walichapisha hesabu ya namna hiyo, wakitafuta idadi ndogo kabisa ya meli za mafuta zitakazotimiza ratiba.

Elimu hii si mali ya mfumo mmoja wa siasa. Leonid Kantorovich alitoa msingi wake katika Urusi ya Kisovieti mwaka 1939. Tjalling Koopmans, Mholanzi aliyekuwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alichunguza jinsi ya kuzigawa meli tupu. Mwaka 1975 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi.

Mwaka huo huo Pertamina, shirika la mafuta la taifa la Indonesia, lilishindwa kulipa mikopo yake. Madeni yake yalipita dola bilioni 10, na sehemu kubwa ilitokana na mikataba ya meli za mafuta, wakati nauli zilikuwa zimeporomoka duniani.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwalimu akiulizwa hesabu inafaa nini, ana jibu. Na mtumishi anayeombwa saini ya kukodi meli nyingine aulize kwanza: ile iliyopo inarudi na nini?