Nyika ile si tupu



Vijana wetu walioko ng'ambo siku hizi hawaandiki barua, wanatuma picha. Ninaye mpwa wangu anayeishi Regina, makao makuu ya jimbo la Saskatchewan nchini Kanada. Ana gari kuukuu na kamera nzuri, na kila Jumamosi ya kiangazi hushika njia za mashambani akapiga picha mpaka giza liingie. Jumapili simu yangu hujaa: nyumba za mbao zilizoinama, kanisa lisilo na milango, ghala refu lililosimama peke yake katikati ya ngano, ndege, wanyama, na anga lisilo na mwisho. Chini ya picha karibu zote huandika neno moja: "Tupu".

Picha zenyewe ni nzuri. Mimi nilianza na Zenit ya Kirusi, filamu ya picha thelathini na sita ambayo ilibidi itoshe harusi nzima, kwa hiyo kazi nzuri nikiiona naijua. Wala simlaumu kijana anayemaliza mshahara wake kwa petroli na lenzi badala ya bia. Ninachobishana nacho ni lile neno lake, na juu ya neno hilo naomba dakika zenu chache.

Nyika ya nyasi inayoitwa prairi imeenea kusini mwa majimbo matatu ya Kanada, yaani Manitoba, Saskatchewan na Alberta, kisha ikavuka mpaka kuingia Marekani. Saskatchewan peke yake ina kilometa za mraba 651,000 hivi. Ni kubwa kuliko Kenya, lakini sensa ya mwaka 2021 ilihesabu humo watu milioni moja na laki moja na ushei tu, na wengi wao wako mijini. Mtu aliyezoea kusukumana Kariakoo akishushwa pale, bila shaka atasema hakuna kitu.

Lakini tazameni barabara zenyewe. Tangu miaka ya 1870 wapimaji wa serikali waliichora nchi ile kama daftari la hesabu, mraba kwa mraba. Kila baada ya maili moja upande mmoja, na maili mbili upande wa pili, iliachwa nafasi ya barabara. Kwa hiyo mpiga picha kupotea kule ni vigumu, ila kukwama ni rahisi sana, maana njia nyingi ni za changarawe na nyingine ni udongo mtupu, na mvua ikinyesha udongo ule hugeuka gundi. Kilombero hawahitaji kuelezwa jambo hili.

Miraba ile ilichorwa ili igawiwe. Kwa sheria ya mwaka 1872, mtu aliyelipa ada ya dola 10 alipewa ekari 160, mradi ajenge nyumba, aishi hapo na alime. Wakaja watu kutoka Uingereza, Ujerumani, Ukraine, Norway na kwingineko. Reli ikawafuata, na kando ya reli, kila baada ya kilometa chache, kikajengwa kituo na ghala. Ghala lenyewe ni jengo la mbao lenye urefu wa ghorofa kadhaa, ambalo ndani yake mna vihenge vilivyosimama wima. Mkulima alimwaga ngano chini, ukanda wenye vikombe ukaipandisha mpaka juu kabisa, kutoka huko ikaangushwa katika kihenge chake, na siku ya treni ikashuka kwa uzito wake yenyewe hadi ndani ya behewa. Mwaka 1933 maghala ya namna hiyo yalizidi 5,700. Leo yanahesabiwa kwa mamia.

Yalikwenda wapi? Upepo umeangusha machache, moto umekula mengine, lakini sehemu kubwa iliondolewa na hesabu za fedha. Ukame wa miaka ya 1930 uliwafukuza maelfu ya wakulima. Kisha trekta likamwezesha mtu mmoja kulima shamba la watu kumi. Mwaka 1936 Saskatchewan ilikuwa na mashamba 142,000 hivi. Mwaka 2021 yalibaki 34,000 na kidogo. Nauli nafuu ya kusafirisha nafaka kwa reli, ambayo asili yake ni mapatano ya mwaka 1897, ilifutwa mwaka 1995, na makampuni yakazidi kung'oa reli ndogo ndogo na kujenga vituo vikubwa vya zege kwenye njia kuu. Ghala likikosa reli halina kazi, duka likikosa ghala halina wateja, na shule ikikosa watoto hufungwa.

Basi ukiweka ghala lile katika lenzi, jua linazama nyuma yake, umepiga picha ya uamuzi uliofanywa na watu ofisini. Kuiita "tupu" ni kama kupiga picha ya sahani iliyoliwa ukasema hapakuwa na chakula.

Nisieleweke kuwa nawakataza watu kupenda magofu. Mwanga wa kule ni zawadi. Hapa Dar es Salaam jua hutumbukia kama jiwe. Ukifungua begi lako kutafuta lenzi, limekwisha zama. Saskatchewan mwezi Juni linazama baada ya saa tatu usiku, tena linashuka kwa mshazari, polepole, na ile rangi ya dhahabu hukaa juu ya mbao kavu kwa muda mrefu sana. Kila msumari hutoa kivuli. Wakati wa baridi ni kinyume chake: siku ni fupi, theluji imefunika kila kitu, na betri ya kamera hufa mkononi kwa baridi, kiasi kwamba watu huweka betri ya akiba ndani ya koti, karibu na mwili.

Hatari nayo ipo. Katika nyua za nyumba zilizohamwa kuna visima vya zamani vilivyofunikwa kwa mbao, mbao zimeoza na nyasi zimeota juu yake. Mtu anarudi nyuma hatua mbili ili paa lote liingie kwenye picha, kumbe anarudi nyuma kuelekea kaburini. Halafu kuna sheria. Tangu tarehe 1 Januari 2022, Saskatchewan inamtaka mtu apate ruhusa ya mwenye ardhi kabla hajaingia shambani mwake, hata kama hapana uzio wala kibao cha kukataza. Sisi tuliolelewa kwa hodi hatukuhitaji sheria kwa jambo hili. Na faida ya hodi ni kubwa kuliko kukwepa faini, kwa sababu mzee atakayefungua mlango huenda ni mjukuu wa aliyeijenga nyumba ile. Atakwambia nani alizaliwa chumba kipi, mwaka gani waliondoka, na piano iliuzwa kwa nani. Ukitoka hapo picha yako ina wenyewe.

Yupo mtu aliyeifanya kazi hii inavyopaswa. Orest Semchishen, daktari wa eksirei wa Alberta aliyetoka katika jamii ya Waukraine wa huko, alizunguka vijijini katika miaka ya 1970 akipiga picha makanisa ya watu wake, yale yenye kuba za mviringo juu ya paa. Alitumia kamera kubwa na filamu nyeusi na nyeupe, akasimama mbele ya jengo bila mbwembwe. Hakungoja mawingu ya kutisha. Ukitazama picha zake unaweza kuhesabu mbao za ukutani. Kwangu mimi moja ya hizo inashinda machweo mia.

Na tusidhani muda upo. Katika kijiji cha Fleming, mashariki mwa Saskatchewan, lilikuwepo ghala la mwaka 1895, ambalo lilikuwa kongwe kuliko yote yaliyobaki mahali yalipojengwa. Wenyeji walikuwa wakilishughulikia ili lidumu. Februari 2010 likateketea kwa moto. Kilichobaki ni picha, na yeyote aliyepita pale na kamera mwaka uliotangulia, hata kama aliona uvivu kushuka garini, sasa ana hati mkononi.

Sasa wanyama. Yuko mmoja anayeitwa pronghorn, ambaye mpwa wangu humwita swala kwa kukosa jina lingine, ingawa si swala. Katika bara lote la Amerika hakuna mnyama wa nchi kavu anayemshinda mbio, lakini kwa kawaida haruki uzio: hupiga magoti akapita chini ya waya. Mpiga picha mwenye akili hamfukuzi kwa gari. Hutafuta mahali ambapo manyoya yamenasa kwenye waya wa chini, akazima injini, akaegesha lenzi juu ya mfuko wa maharage dirishani, akangoja. Wanaokwenda Mikumi wanajua kuwa mnyama huzoea gari mapema kuliko anavyomzoea mtu aliyesimama kwa miguu miwili.

Majira ya kupukutika majani, korongo na mabata bukini hutua kwa maelfu kwenye ziwa la Last Mountain, lililotengwa kwa ajili ya ndege tangu 1887. Miongoni mwa ndege wanaopita Saskatchewan yupo korongo mweupe ambaye mwaka 1941 walikuwa wamebaki ishirini na kitu tu duniani. Leo wamefikia mamia, na hupumzika mashambani wakiwa safarini kuelekea Texas. Anayewasogelea mpaka wakaruka, kwa ajili ya picha ya mabawa tu, amewanyang'anya nguvu za safari. Picha hiyo mimi nikiletewa siitazami.

Kusini kabisa, karibu na mpaka, iko hifadhi ya Grasslands. Humo mna kindi wa ardhini wanaoishi mashimoni kama mji, na bundi mdogo anayekaa katika mashimo yaliyochimbwa na wengine (sisi tunaomwogopa bundi juu ya paa, sijui tungemfanyaje bundi wa chini ya miguu). Mna pia nyati wa kule, baisani. Mwaka 2005 waliletwa 71 kutoka hifadhi ya Elk Island, baada ya nyika ile kukaa zaidi ya miaka mia moja bila nyati. Wapigieni picha kwa mbali.

Kwa nini hawakuwepo? Hapo ndipo neno "tupu" linapoharibika kabisa. Kabla ya wapimaji na ekari 160, nyika ile ilikuwa ya Wacree, Wablackfoot, Wanakoda, Wametis na wengine, na nyati waliowalisha walikuwa mamilioni. Ilipofika miaka ya 1880 nyati walikuwa karibu wamekwisha kwa bunduki na biashara ya ngozi. Mikataba ilikwisha kutiwa saini, mmojawapo Fort Qu'Appelle mwaka 1874, lakini njaa ilipoingia, serikali ya Waziri Mkuu John A. Macdonald ilitumia chakula cha msaada kama fimbo: wasiokubali kuhamia maeneo waliyotengewa walinyimwa. Ardhi ikawa tupu kwa namna hiyo, ndipo ikagawiwa.

Alama zao zipo, na kamera inaweza kuziona. Kwenye ardhi ambayo haijawahi kupita jembe kuna mawe yamepangwa kwa duara, yamezama nusu udongoni. Ni mawe yaliyokandamiza kingo za mahema ya ngozi. Mchana jua likiwa utosini huyaoni, unayakanyaga. Jioni, mwanga ukija chini kwa chini, kila jiwe hutoa kivuli na duara linajitokeza, halafu la pili, la tatu, mpaka unatambua kuwa umesimama katikati ya kijiji. Shamba la jirani lililolimwa halina kitu kama hicho, kwa sababu mawe yaliokotwa yakarundikwa pembeni.

Habari hiyo haituhusu? Inatuhusu. Tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kanada ilitusaidia kulima ngano Hanang kwa mashine na ufundi wa prairi hii hii ninayoizungumza. Mashamba saba ya NAFCO, ekari laki moja hivi, yalipatikana kwenye nyanda za Basotu ambako Wabarabaig walikuwa wakichunga. Wabarabaig wakaenda mahakamani katika miaka ya 1980. Malalamiko yao hayakuwa ya malisho tu. Yalikuwa pia ya bung'eda, yale makaburi ya mwinuko wanayowajengea wazee wao wenye heshima, ambayo baadhi yake yalipitiwa na majembe. Picha za ngano ile iliyoiva, Mlima Hanang ukiwa nyuma yake, zilipendeza sana kwenye kalenda.

Basi wenzangu mlioko Arusha na Babati wenye magari na kamera, barabara ya kwenda Katesh ni ya lami. Nendeni Jumamosi moja mtafute bung'eda zilizobaki, lakini kwanza muulize nyumba ya mzee iko wapi, mpige hodi, mkae mnywe maziwa mtakayopewa, na kamera ibaki begini mpaka aseme yeye. Mkirudi, nyuma ya kila picha mwandike kwa kalamu jina la marehemu, jina la aliyewaonyesha, kijiji na tarehe.