Sifuri Ile Ilikuwa ya Nani?



Usiku wa Oktoba 27, 1991, mjini Minneapolis, Marekani, watu 55,118 walikaa chini ya paa la uwanja wa Metrodome wakitazama ubao wa matokeo ukijaa sifuri. Ulikuwa mchezo wa saba, wa kuamua bingwa wa besiboli, kati ya Minnesota Twins na Atlanta Braves, timu ambazo mwaka mmoja nyuma zote zilishika mkia katika makundi yao.

Sisi wa soka tunajua raha ya kipa kutoka bila kufungwa. Katika besiboli sifa hiyo huandikiwa mrushaji. Kila timu hupata zamu tisa za kupiga, na zamu huisha wapigaji watatu wakishatolewa. Mrushaji basi ana watu 27 wa kuwatoa, na asiwepo hata mmoja atakayezunguka vituo vyote akarudi nyumbani na alama. Mrushaji wa Twins alikuwa Jack Morris, mzaliwa wa St. Paul, ng'ambo tu ya mto, mwenye umri wa miaka 36.

Naomba tukae kidogo kwenye zamu ya nane. Lonnie Smith wa Braves alikuwa kituo cha kwanza, tayari ameanza kukimbia, Terry Pendleton alipoupiga mpira ukaenda mbali hadi ukutani. Smith alikuwa na nafasi ya kufika nyumbani. Lakini mbele yake Chuck Knoblauch wa Twins aliinama kana kwamba ameuokota mpira, akaigiza kumrushia mwenzake Greg Gagne. Smith akasita kituo cha pili, akageuza shingo kuutafuta mpira. Alipoondoka tena, aliishia cha tatu. Baadaye alikana kuwa alihadaiwa, nami sioni sababu ya kumbishia. Ninachokiona ni zile hatua zilizosimama.

Hatari ilikuwa bado mbichi: wakimbiaji wawili, na hakuna aliyetolewa. Ron Gant akapiga mpira dhaifu, akatolewa. David Justice akapewa kituo cha kwanza kwa makusudi, vituo vikajaa. Sid Bream akaupiga kuelekea kwa Kent Hrbek wa Twins. Hrbek akautuma nyumbani kwa mdakaji Brian Harper, Harper akakanyaga kituo na kuurudisha kwa Hrbek. Wawili wametoka, zamu imekwisha. Morris alirusha, lakini sifuri ile iliokolewa na mikono ya Hrbek na Harper.

Baada ya zamu tisa ilikuwa bado sifuri kwa sifuri, mchezo ukaendelea, na kocha wa Twins, Tom Kelly, alitaka kumpumzisha mrushaji wake. Morris akagoma kutoka. Akarusha zamu ya kumi, akawatoa watatu mfululizo, mirusho 126 kwa jumla. Dan Gladden wa Twins akafungua zamu yao kwa kufika kituo cha pili, Knoblauch akamsogeza hadi cha tatu, na Gene Larkin, aliyeingizwa kupiga tu, akaupitisha mpira juu ya vichwa vya walinzi waliokuwa wamesogezwa karibu. Moja kwa sifuri.

Simpunguzii Morris heshima yake. Mwaka 2018 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli, na zamu zile kumi zilimstahilisha. Ila upande wa pili alikuwepo John Smoltz, kijana aliyekulia Michigan akimhusudu Morris huyohuyo enzi zake za Detroit. Alirusha zamu saba na theluthi moja, naye hakuruhusu hata alama moja. Wanafunzi wangu, mkisoma matokeo ya usiku ule, someni na mstari wake: ushindi haukuandikwa kwake, wala kushindwa hakukuandikwa kwake.