Meno Yakishikwa Ganzi Baada ya Kung'arishwa

Msikilizaji, usiku umepaka jeli ya kung'arisha meno. Asubuhi funda moja la maji ya friji linakuchoma mpaka utosini. Hiyo ni ganzi. Peroksaidi imepenya jino na kuchokoza mishipa ya fahamu iliyo ndani. Usiongeze jeli ukidhani ndiyo inafanya kazi! Pumzika siku mbili tatu, kisha rudi na jeli hafifu, ile ya kabamaidi peroksaidi asilimia 10. Mswaki uwe laini, na dawa ya meno iwe yenye potasiamu naitreti, ikiwezekana uianze wiki mbili kabla ya kung'arisha. Usijaribu kung'arisha kwa vitu vya nyumbani: ndimu humomonyoa meno, mkaa huyakwangua, viache jikoni. Jino likiuma lenyewe, bila baridi wala moto, huenda limetoboka. Mwone daktari wa meno.